Chefu na Mto Usiogawanyika

Chefu alikuwa anapiga watu. Nalisema mwanzoni kwa sababu wanaoulizwa habari zake huzungukazunguka: alikuwa mkali, alikuwa na hasira za karibu, alikuwa mama mwenye msimamo. Alikuwa anapiga. Kwa ngumi, kwa kiatu, na chochote kilichokuwa karibu. Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, na hadi leo nikimkumbuka naona kwanza ule mkono wa kulia, mfupi, mnene, wenye pete ya ndoa iliyozama ndani ya nyama mpaka isingetoka tena bila kukatwa.

Hatukumwita kwa jina. Mkurugenzi, madereva, mama aliyetuletea ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, mchana, wote walisema Chefu, yaani mkubwa wa kazi. Alitoka ng'ambo ya mpaka, Congo, upande wa Uvira, kama majirani zake wengi kule mtaa wa Musaga alikopanga. Sehemu ya juu ya sikio lake la kushoto haikuwapo. Aliwahi kuniambia kwa kifupi kwamba watu wenye mapanga waliingia nyumbani wakimtafuta mumewe, wakampata, na yeye alipojitupa katikati panga likachukua sikio badala ya shingo. Alinisimulia hayo akimenya chungwa. Chungwa lilipokwisha akairudia kompyuta, na sikumuuliza tena.

Ofisi yetu ilikuwa ndogo, ghorofani mjini, na kazi yake ilikuwa moja: kuchunga mito inayoshuka milimani na kupita katikati ya Bujumbura kuelekea ziwani. Tulikuwa tumefunga vipimo madarajani na kwenye kingo. Kila kipimo kilituma kimo cha maji bila kukoma, na programu yetu ilizipokea habari hizo zikiwa zinaingia, ikazikumbuka. Kukumbuka ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Kimo cha maji cha sasa hivi hakikuambii kitu kama hujui mto ulikuwa wapi asubuhi na umepanda kwa kasi gani. Programu ikiona hatari, ilituma ujumbe kwenye simu za watu wa bondeni na kuwasha ving'ora.

Programu hiyo ilikwenda kwa nakala kadhaa zinazofanya kazi sambamba. Sisi tuliziita vibarua. Kibarua huyu anashika mito hii, yule anashika mingine, kila mmoja ana kumbukumbu za mito yake tu. Habari zikizidi, unaongeza vibarua. Lakini ukiongeza, mito inagawanywa upya, na kumbukumbu ya kila mto lazima ihame pamoja na mto wake. Kwa hiyo unasimamisha kazi, unapiga picha ya kumbukumbu yote, kisha unaamsha vibarua wapya kutoka kwenye picha ile. Ukiwaamsha bila picha wanaamka kama watoto wachanga. Maji yamegusa sakafu ya daraja, wao wanadhani yalikuwa hapo tangu zamani.

Fundi mmoja wa mkataba, mtu mzima mwenye vyeti vyake, alifanya hivyo hivyo siku ya mvua. Vibarua walikuwa wamezidiwa, akaizima kazi, akaongeza idadi, akaiwasha bila picha. Mto Muha ulikuwa unapanda tangu mchana na hakuna kilichojua. Huko Musaga ukuta wa nyumba ukamwangukia mzee aliyekuwa amejilaza ndani, ukamvunja miguu yote miwili. Chefu alipata habari akiwa kwenye ngazi. Aliingia bila viatu, maana ofisini hakuvaa viatu kamwe, akamuuliza amefanya nini.

"Ni sempo tu, kitu rahisi, Chefu," alisema yule fundi. "Niliizima, nikaiwasha."

Hakumaliza vizuri. Ngumi ilimfika mdomoni, akaanguka na kiti chake, na jino likabaki juu ya meza. Chefu akamvuta pembeni kwa kola, akakaa mahali pake, akaanza kutafuta picha ya mwisho iliyohifadhiwa, akiandika kwa vidole vilivyokuwa vinateleza kwenye damu ya yule bwana. Aliirudisha kazi jioni ile ile. Mkurugenzi akamsimamisha, na siku zote alizosimamishwa alikuwa anakwenda hospitalini kumwogesha yule mzee aliyevunjika miguu. Akitoka huko alimpelekea fundi uji nyumbani kwake, kwa kuwa hakuweza kutafuna. Fundi aliniambia baadaye kwamba aliunywa wote kila asubuhi kwa sababu aliogopa kuukataa.

Sikuwahi kuelewa hasira yake ilikuwa na mipaka gani mpaka siku alipokuja kwetu Buyenzi kutengeneza gari. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, nimezaliwa kati ya magereji, na nimeona watu wakipigwa mtaani kwetu tangu nikiwa mdogo. Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka msikitini, na karibu na duka la vipuri kelele za mwizi zikaanza. Mtu mmoja alikuwa ameng'oa vioo vya gari. Walipomwangusha wakaanza kumpiga kwa vyuma, na mmoja akaleta tairi. Kila mtu wa huku anajua tairi inaletwa kwa kazi gani.

Chefu alikuwa amekaa kwenye kibao akisubiri gari. Aliinuka, akachukua spana kubwa ya magurudumu mikononi mwa fundi wa gereji, akapenya katikati, akasimama juu ya yule mwizi, mguu huku na mguu kule. Aliyekuwa na tairi alipigwa mkononi nikasikia mfupa ukivunjika. Wakamgeukia yeye. Walimpiga mateke, walimpiga na ubao, na yeye akawa anazungusha spana bila kupiga kelele hata moja. Nilimfikia pamoja na binamu zangu wakati alikuwa amepiga goti lakini hajamwacha mtu wake.

"Mi napiga mutu moja, na ninajua kwa nini," aliwaambia akihema. "Nyinyi munamupiga nani? Mutu gani kati yenu anajua hata jina lake?"

Mbavu zake zilivunjika. Tukiwa njiani kwenda hospitali, yule mwizi, aliyelazwa nyuma pamoja naye, alimwibia simu. Chefu alipogundua alicheka, na kucheka kukamuumiza, akalia machozi huku anacheka.

Jumapili alikuwa mtu wa kanisa, moja ya yale makanisa ya watu wa Congo ambayo nyimbo zake husikika mpaka barabara kuu. Aliniita "muislamu yangu", na mwezi wa Ramadhani hakuwahi kunywa chai mbele yangu. Lakini mbele ya kioo cha kompyuta hakuwa na upole na mtu. Alinifundisha kazi kwa makofi ya kisogoni. Nikisema "nadhani", kofi. Nikisema nitaangalia kesho, kofi. Alikuwa na msemo wake: mutu na kumbukumbu yake wasiachane hata dakika moja. Alisema hivyo kuhusu mito, lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayezungumzia jambo jingine, na wote tuliinamisha macho.

Kulikuwa na kosa moja ndani ya kazi ile ambalo halikuwa lake na lililomnyima raha. Waliotangulia kuijenga walikata kumbukumbu mafungu tangu siku ya kwanza, na idadi ya mafungu haibadiliki isipokuwa uitupe kumbukumbu yote na kuanza upya. Vibarua hawawezi kuzidi mafungu. Tena walikuwa wameamua kwamba mto mmoja ni kitu kimoja: mto wote, kutoka milimani mpaka ziwani, unakaa kwenye fungu moja, kwa kibarua mmoja. Fungu hilo halikatiki. Chefu alisema mto mkubwa ukijaa vipimo, hata ulete vibarua mia, huyo kibarua wake mmoja atakufa peke yake na wengine wakimtazama.

Aliomba kiangazi kimoja abomoe na kujenga upya. Mkurugenzi akakataa, maana wageni wa wafadhili walikuwa wanakuja kila wakati kutazama kioo, na kioo hakikutakiwa kuzimwa. Chefu alichukua simu ya mezani ya mkurugenzi akaitupa dirishani. Ikapasuka uani, mlinzi akakimbia akidhani ni grenedi. Kesho yake tukaletewa vipimo vipya vingi, na vyote vikafungwa kwenye mto mmoja, Kanyosha, kwa sababu ndio ulikuwa mkorofi kuliko yote.

Mvua iliyofuata ilikuwa ya mwezi wa nne. Ilinyesha milimani tangu alfajiri. Baada ya chakula cha mchana Dieudonné, mwenzetu wa meza ya tatu, alisema polepole kwamba kioo kimebaki nyuma. Tuliangalia. Habari zilikuwa zinaingia kwa wingi kuliko vibarua walivyoweza kuzimeza, na maji tuliyokuwa tunayaona yalikuwa ya muda mrefu uliopita. Chini ya madirisha yetu mitaro ilikuwa imeshafurika.

Chefu akaagiza picha ipigwe tuongeze vibarua. Picha ikaanza, ikakwama. Msongamano ulikuwa mkubwa kiasi kwamba vibarua hawakuweza hata kutulia wapigwe picha. Mkurugenzi akapiga simu kusema mtu asithubutu kuisimamisha kazi wakati wa mvua. Chefu alisikiliza, akaiweka simu chini ya paja lake ikiwa bado inaongea, akamwambia Dieudonné azime.

"Tunatumia picha ya asubuhi," alisema. "Habari zote tangu asubuhi ziko, zimehifadhiwa. Wataamka na kumbukumbu ya asubuhi, watasoma tena mpaka wafike saa hii. Ongeza mpaka mwisho wa mafungu."

Kioo kikawa cheusi. Nakumbuka sauti ya mvua kwenye mabati ya jirani. Kisha vibarua wapya wakaamka mmoja mmoja, wakaanza kula siku nzima kwa kasi. Mto Ntahangwa ukafika. Muha ukafika, na king'ora cha Musaga kikalia. Baadaye tulijua kwamba watu walitoka kabla kingo hazijameguka, wote, hata kuku wao. Dieudonné akapiga ngumi juu ya meza kwa furaha.

Chefu hakufurahi. Alikuwa anatazama mstari wa Kanyosha. Vibarua wengine walikuwa wamemaliza na wamekaa bure, na yule mmoja alikuwa na mto mzima na vipimo vyake vyote vipya mgongoni, na hakuna aliyeweza kumsaidia.

"Huyu hatafika," alisema.

Tulimpigia mkuu wa mtaa kule Kibenga, mahali Kanyosha inapoingia ziwani. Akauliza kama mashine imesema. Tukamwambia bado. Akajibu kwamba mara iliyopita watu waliamshwa bure na wakamtukana, safari hii atangoja mashine. Mwenye ruhusa ya kuwasha king'ora kwa mkono alikuwa mkurugenzi peke yake, na yeye alikataa kuwatisha watu bila uthibitisho. Chefu alivaa viatu. Ndipo nilipoogopa.

Niliendesha mimi. Huko Kibenga watu walikuwa wamesimama milangoni wakitazama mto uliokuwa mwekundu kama udongo wa matofali, unabeba migomba, mabati, ng'ombe mzima aliyekuwa bado anainua kichwa. Chefu aliwaambia kwa utulivu watoke, mara moja. Wengine walitabasamu. Mama mmoja alisema anapika.

Chefu alirudi kwenye gari akachukua chuma cha kufungulia tairi. Alianza na vioo vya madirisha. Kisha akaingia ndani. Yule mama aliyekuwa anapika alitoka akiburutwa kwa nywele, sufuria imemwagika. Mzee alitupwa nje kama gunia. Bwana mmoja mkubwa, mwenye geti la chuma, alimzuia, na Chefu akampiga begani mpaka mfupa ukavunjika, akamsukuma barabarani. Watu wakapandwa na hasira. Wakaokota mawe, wakaanza kumfukuza, na yeye akakimbia kuelekea juu, barabara kuu, akigeuka kila mara kuwatukania mama zao ili wasichoke. Mtaa mzima ulipanda ukimfuata. Walimpata juu wakampiga, na walipokuwa wanampiga mto ukavunja ukingo.

Sauti yake ilikuwa kama lori linamwaga mawe. Wote waligeuka. Nyumba walizotoka zilianza kwenda, moja inaivuta nyingine. Mwanaume mmoja kati ya waliokuwa wanampiga akapiga kelele kwamba mkewe na mtoto wao wamebaki. Alizuiwa na wenzake wanne. Chefu, ambaye hakuna aliyekuwa anamshika tena, akashuka.

Nikaingiza gari nyuma yake mpaka maji yakagusa taa, kwa hiyo niliona. Wengine walikuwa juu na mbali, mimi niliona. Maji yalikuwa yamemfika kifuani. Mkono mmoja alishika nondo za dirisha, wa pili alimshika yule mwanamke kiganjani, na mwanamke alikuwa na mtoto wa kike shingoni. Ukuta wa nyuma ukaenda. Yule mwanamke akamsukumia Chefu mtoto kifuani. Kisha, kwa mkono ule aliobakiwa nao, akavibandua vidole vya Chefu kutoka kwenye kiganja chake, kimoja kimoja, bila papara. Wasingeweza kutoka watatu na yeye aliliona hilo kabla yetu. Maji yakamchukua mgongo kwanza.

Chefu alipanda na mtoto. Mume wa yule mwanamke alimpokea mtoto, akatazama nyuma ya Chefu, hakuona mtu. Akachukua jembe lililokuwa kwenye vitu vya watu akampiga nalo. Ningesema alikusudia shingo. Lilimwingia begani. Mashine ilituma onyo la Kanyosha tukiwa njiani kwenda hospitali. Simu zote za watu waliokaa barabarani kwenye mvua zililia kwa pamoja.

Alishtakiwa kwa kujeruhi. Bwana wa geti alikuja na mkono kwenye kitambaa. Yule mama wa sufuria naye alikuja, akasema ni kweli alivutwa nywele, akasema pia kwamba yuko hai, hakimu akamwambia ajibu alichoulizwa. Chefu alipopewa nafasi alisema amepiga na kwamba hali ikiwa ile ile atapiga tena. Akafungwa. Mkurugenzi alihamishwa, na aliyekuja baada yake alitupa kiangazi tulichokuwa tunaomba. Mimi na Dieudonné tuliubomoa mfumo. Tuliukata mto Kanyosha vipande, kila daraja na fungu lake, tukasoma upya habari za miaka ili vibarua wapya wasianze wachanga. Sasa mto ule unabebwa na wengi.

Alipotoka gerezani nilichelewa kwenda kumwona, nikaenda Jumapili moja mchana. Alikuwa bado Musaga, chumba kile kile, bega moja limeshuka. Alikuwa amezeeka kwa namna ya ghafla. Nilimweleza jinsi tulivyokata mafungu. Aliuliza maswali mawili makali, akaridhika, hakunipiga. Nikamwomba arudi. Alisema apana, amechoka na mito.

Tukiwa tunaongea mlangoni akaja mtu ameshika mtoto mkono. Nilimtambua yule mwanaume wa jembe. Alisalimia vizuri, akamwita Chefu mama, akakataa kiti. Alisema mtoto hasinzii mvua ikinyesha. Alisema anataka kujua jambo moja tu, amelibeba muda wote.

"Ulikuwa umemushika bibi yangu. Watu waliona kwa mbali ulikuwa umemushika. Ilikuwaje?"

Chefu alimtazama yeye, kisha mtoto.

"Nilimuachia," alisema. "Sikuweza wote wawili. Nilimuachia yeye."

Mwanaume alimpiga. Halikuwa kofi, ilikuwa ngumi ya usoni, na Chefu akagonga fremu ya mlango, damu ikamtoka puani ikaingia mdomoni. Niliinuka. Chefu akanyoosha mkono kwangu bila kugeuka.

"Yusufu, kaa."

Akarudi akasimama pale pale mbele yake, mikono chini. Mwanaume aliinua ngumi tena, ikabaki juu, ikashuka. Alilia kwa sauti kama ya mtu anayekohoa. Kisha akamshika mtoto akaenda zake bila kuaga.

Nilimletea Chefu maji. Nilimwambia kwamba nilikuwa kwenye usukani siku ile, na nilichokiona sicho alichokisema.

"Najua uliona," alisema, akisukutua. "Sasa nimwambie nini? Kwamba mama wa mtoto alijitoa mwenyewe? Atamukasirikia nani? Maiti? Atamukasirikia mtoto, Yusufu. Mi nimezoea."

Akatema maji mekundu uani, akaniambia niondoke kabla mabasi hayajajaa.

Kituoni niliwakuta wote wawili wakingoja basi la mjini. Yule bwana alinitambua. Akauliza kama mimi ndiye niliyekuwa naendesha gari siku ile. Nikasema ndiyo. Mtoto alikuwa ameegemea mguu wake, ananitazama.

"Basi we ulikuwa karibu," alisema. "Ulimuona akimuachia?"

Nikamwambia mvua ilikuwa imefunika kioo cha gari, sikuona kitu.